Neno nililolifuta Jambiani

Picha iliingia kwenye simu yangu baada ya magharibi, nimekaa barazani na madaftari ya wanafunzi. Kibao cha mbao kilichopakwa rangi ya buluu, kimefungwa kwenye mnazi kwa kamba ya usumba. Maandishi meupe, ya mkono, yanapanda kidogo kila yakienda kulia:

WELCOME STRANGERS. OCTOPUS. COCONUT RICE.

Aliyenitumia ni mwanafunzi wangu wa zamani, kijana wa Jambiani, kijiji cha pwani ya Unguja. Mama yake alikuwa ameamua kuuza chakula mbele ya nyumba, hatua chache kutoka ufukweni, kwa watalii wanaopita na kwa yeyote mwenye njaa. Kijana alishinda na brashi mchana kutwa. Chini ya picha aliandika: “Mwalimu, iko sawa?”

Haikunichukua hata dakika. Nikamjibu kwamba “strangers” haliko pahala pake, aweke “guests”. Stranger ni mtu usiyemjua, nikamwambia, na guest ni mgeni unayempokea. Akashukuru. Asubuhi yake ikaja picha ya pili: neno limezibwa kwa rangi ya buluu, na jipya limekaa juu yake.

Wiki ile ile nilikuwa na safari ya Makunduchi, nikapitia kwao kula. Bi mkubwa akanipakulia wali na pweza wa nazi, akavuta kigoda karibu yangu, akauliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeulizia ugonjwa wa jamaa:

“Mwalimu, lile neno la mwanzo lilikuwa tusi?”

“Hasha. Si tusi. Maana yake watu usiowajua.”

Akafikiri kidogo, huku akifukuza nzi kwa upepeo.

“Basi si ndio hao? Mie siwajui. Ndiyo maana nikawaambia karibuni.”

Sikuwa na jibu.

Sasa ni wiki ya sita, na bado sina la kumjibu lililokamilika. Nimeandika haya kwa sababu kila nikisimama darasani mbele ya neno lile, namsikia.

## Mishale minne

Wengi katika wanafunzi wangu wanafanya kazi hotelini au wanatafuta kazi huko. Kwa hivyo somo la “mgeni” sijapata kuliruka. Naandika neno hilo katikati ya ubao, nachora mishale minne, na kila mshale unaishia kwenye neno lake la Kiingereza.

Stranger: humjui.

Foreigner: ametoka nchi nyengine.

Visitor: amekuja kuona, kisha ataondoka.

Guest: amepokewa, yuko chini ya dhamana ya mtu.

Halafu huwapa mitihani midogo. Ndugu yako aliyekuja kula Idi kwako anaweza kuwa guest, lakini foreigner hawezi kuwa kama nyote ni wa nchi moja. Mke wako anaweza kuwa foreigner, na stranger si neno la kumwita. Jirani wa nyumba ya tatu ambaye hujawahi kusema naye ni stranger japo amezaliwa mtaa huo huo. Mtu aliyekwenda kumtazama mgonjwa ni visitor, na hapo Kiingereza na sisi tunakutana vizuri, kwani neno hilo asili yake ni Kilatini cha kwenda kuona, nasi husema vivyo hivyo: kwenda kumtazama mgonjwa.

Wanafunzi hulipenda somo hili. Nami nilikuwa nikilipenda, kwa vile lilionyesha wazi kwamba Kiingereza kina maneno manne pale ambapo sisi tuna moja, na kwamba kazi yangu ni kuwapa hayo matatu yanayowapungukia.

Swali la Jambiani limenifanya nirudi kwenye mishale yangu na kuikagua mmoja mmoja.

Wa kwanza kuyumba ulikuwa wa guest. Kama nilikuwa nasahihisha kwa haki, wale wanaokula pale kwa bi mkubwa wanalipa. Kwa kawaida ya Kiingereza, anayenunua dukani ni “customer”, neno lililotokana na “custom”, yaani mazoea: mtu mwenye mazoea ya kununua kwako. Wa wakili ni “client”, wa daktari ni “patient”, wa daladala ni “passenger”. Hoteli ndiyo iliyolichukua neno guest ikalitia kwenye hesabu, na mikahawa mingi ikafuata. Guest wa hoteli hulipa kila usiku anaolala, na neno halimzuii.

Kwa hivyo sikumsahihisha yule kijana kwa kanuni. Nilimsahihisha kwa lugha ya hoteli, lugha niliyokwisha kuizoea mpaka nikaiona ndiyo Kiingereza chenyewe.

## Wageni wangapi leo?

Kinachoniuma zaidi ni kwamba lugha hiyo haikuishia kwenye Kiingereza. Imeingia na kwenye Kiswahili chetu.

Wasikilizeni vijana wa Paje na Nungwi wanapokutana jioni kwenye maskani. “Kwenu wageni wangapi?” “Arubaini na mbili.” Hapo hakuna shangazi aliyekuja na kikapu cha muhogo. Hapo kuna vyumba. Zanzibar ilipokea watalii zaidi ya 700,000 mwaka 2024, nasi wenyewe kwa sensa ya 2022 tulikuwa 1,889,773. Kwa idadi kama hiyo, si ajabu neno likavutwa kuelekea upande wenye pesa.

Tunalo neno mtalii. Ni neno zuri, limetoka kwenye kutalii, na kutalii ni kutembea huku ukichungua na kujifunza. Lakini hotelini halitumiki mbele ya mwenyewe. Mbele yake husemwa mgeni, kwa sababu mgeni lina heshima ndani yake. Tunakopa heshima ya neno la nyumbani tukaipeleka kazini, na kila tukiikopa inarudi imepungua kidogo.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikifikiri kwa wiki mbili za mwanzo. Nilikuwa nimeshapata makala yangu: hoteli zimetuharibia neno.

Kisha nikakumbuka jahazi.

## Huyu ni mgeni wangu

Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta, mzaliwa wa Tangier, alishuka pwani hii ya Afrika Mashariki, akapita Mogadishu, Mombasa na Kilwa. Alichokisimulia juu ya Mogadishu ni hiki. Chombo kikitia nanga, vijana wa mji hukifuata kwa mashua, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa. Kijana humkabidhi sahani yake mfanyabiashara mmoja na kusema: huyu ni mgeni wangu. Mfanyabiashara akishuka, hafikii ila nyumbani kwa kijana huyo, na huyo mwenyeji ndiye atakayemuuzia mali yake na kumnunulia anayoyataka.

Sahani iliyofunikwa, na ndani yake biashara.

Hapo hoja yangu ilikatika. Pwani hii imeishi kwa pepo za kaskazi na kusi. Vyombo viliteremka na kaskazi kuanzia Disemba, vikangoja kusi ianze mwezi wa nne ndipo virudi, na kwa miezi yote ile wenye mali walilala kwenye nyumba za watu, wakala, wakauza, wengine wakaoa. Mgeni na mteja walikuwa mtu mmoja muda mrefu kabla ya hoteli ya kwanza. Siwezi kusema kwamba pesa ndiyo iliyolitia neno doa.

Wala siwezi kusema kwamba neno lilikuwa tamu siku zote. Karne ya 19, hapa hapa Mjini, miongoni mwa wageni wa kaskazi walikuwemo walioiba watoto na kuwapakia kwenye vyombo vyao, na msimu wao ukifika wazazi waliwaweka wana wao ndani. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa Juni 1873. Waliopita pale walikuwa wageni pia, waliotolewa makwao kwa nguvu na kushushwa mji ambao hapana aliyewaambia karibu.

Yote hayo yamo ndani ya neno lile moja. Sahani imo, hofu imo.

Sikiliza geni linavyofanya kazi likiwa peke yake: jambo geni, sura ngeni, fedha za kigeni, tabia za kigeni. Hakuna hata moja hapo lenye harufu ya wali. Geni ni kile ambacho bado hatujakizoea. Mzizi huo tunao pamoja na ndugu zetu wa bara, Waganda wana omugenyi na Wakikuyu wana mũgeni, kwa hivyo haukuja na jahazi lolote. Wema tunaouhisi kwenye mgeni hautoki kwenye neno. Unatoka kwenye tunachomfanyia.

## Mlangoni

Nikaanza kuyachimba na ya Kiingereza, nikitegemea kukuta yamepangwa vizuri kama mishale yangu.

Sikukuta mpango wowote. “Guest” ni neno la zamani la Kiingereza, na lina undugu na neno la Kilatini “hostis”, ambalo mwanzo lilikuwa mtu wa kuja na baadaye likawa adui. Katika ukoo huo huo wa Kilatini mmetoka “host” anayepokea wageni, na “hotel”, na “hospital”. Na kutoka kwenye hostis likatoka “host” jengine, lenye maana ya jeshi, lile lililomo kwenye Biblia yao wanapomwita Mungu Bwana wa majeshi. Anayekukaribisha na jeshi linalokujia, wanaandikwa sawasawa na kutamkwa sawasawa.

Stranger, foreigner na visitor, yote matatu yaliingia kupitia Kifaransa, baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066. Stranger ni mtu wa nje. Foreigner asili yake ni Kilatini cha mlango, mtu aliye nje ya mlango.

Hilo la mlango nilikaa nalo siku nyingi, maana mlango ni kitu tunachokijua sana.

Mtu anakuja, anasimama nje, anasema hodi. Aliye ndani hajamwona. Anajibu “karibu”. Angalia mpangilio wake: karibu inatoka kabla hatujajua ni nani. Inaweza kuwa ndugu, mdai, mtu wa mbali mwenye khabari ya msiba, mtoto wa jirani anaomba chumvi. Kiingereza kinataka uchungulie kwanza ndipo uchague neno, kwa sababu ukikosea neno umekosea mtu. Sisi neno letu tunalitoa gizani.

Hicho ndicho alichokiandika yule mama kwenye mbao. Alikuwa anaitikia hodi ya watu ambao hawajapiga hodi.

Lakini bado nilikuwa sijaridhika. Ukisema Kiswahili hakichagui, unasema kama kwamba mgeni ni mgeni tu, wote sawa. Si kweli. Tunachagua, tena kwa ukali. Nililijua hilo nilipokwenda kwetu.

## Birika

Nimezaliwa Wete. Kwa sababu ambazo nyingi hazina maana, nilipitisha miaka mitatu bila ya kwenda Pemba. Mwezi uliopita nikapanda boti, nikashuka Mkoani, nikachukua gari mpaka nyumbani. Nilifika adhuhuri. Nikasema hodi kwenye mlango ambao nimekua nikiupita mbio bila ya kusema kitu.

“Karibu,” ikajibu sauti ya mama. Kisha akatoka, akanitazama, akanikumbatia, akasema:

“Umekuwa mgeni mwanangu.”

Wapemba wenzangu wanajua namna linavyosemwa hilo. Ni lawama iliyofungwa ndani ya furaha. Nilicheka, nikaomba radhi, nikaingia.

Chakula kikaja. Na hapo nikaona mama anafungua kabati la vioo na kutoa sahani za maua ya buluu. Sahani zile nazijua. Utotoni tulikatazwa kuzigusa, zilikuwa za wageni, zilitolewa akija sheikh, wakija wakwe, wakija watu wa Unguja. Akaweka mbele yangu sahani moja. Yeye na wadogo zangu wakajipakulia kwenye sinia. Kabla sijatia mkono, mdogo wangu wa mwisho akaja na birika na bakuli, taulo begani, akainama kuninawisha.

Nyumba ile mimi nilinawa bombani, na kama maji yamekatika, kwenye ndoo nyuma ya jiko. Sikupata kuinamiwa na mtu.

Maji yale yalikuwa ya uvuguvugu, na yaliniuma.

Hakuna aliyekusudia kuniumiza. Kila kitu kilikuwa heshima. Lakini katika vidole vyangu nilihisi lile ambalo ubao wangu wa skuli haujapata kunieleza: mtu anaweza kuheshimiwa na kuwekwa mbali kwa birika lile lile.

Usiku nikajaribu kulitia neno la mama kwenye Kiingereza. Guest? Ndiyo, nilipokewa. Visitor? Ndiyo, nilikuwa na tiketi ya kurudi. Foreigner, hapana. Kisha nikakumbuka jambo ambalo sijawahi kulifundisha. Waingereza wakimwona rafiki aliyepotea muda mrefu humwambia, kwa uso wa furaha: “Hello, stranger.” Neno lile lile nililolifuta Jambiani, neno la mtu usiyemjua, humwita nalo mtu wanayemjua kabisa, wakiwa na maana moja tu: umekaa mno mbali nasi.

Umekuwa mgeni mwanangu.

Mama yangu hajui Kiingereza, lakini hakuna tafsiri iliyo karibu zaidi na aliyoyasema kuliko ile niliyomwambia kijana aifute.

Siku ya pili sahani ya maua ilitoka tena. Siku ya tatu, asubuhi, nilikuwa nimekaa ukumbini na simu, mama akaja na nazi mbili zimeshavunjwa, akanisukumia mbuzi kwa mguu.

“Kuna hizo. Mie mgongo unaniuma.”

Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nilikuwa nikiichukulia methali ile kama ya kumfukuza mtu kwa adabu. Nimekaa juu ya mbuzi, machicha yananiganda kwenye vidole, nikaifahamu upya: jembe ndilo linalomtoa mtu kwenye ugeni. Mchana ule nilikula kwenye sinia pamoja nao, na nikanawa bombani.

## Mwenyeji

Kuna neno la pili ambalo kibao hakikulitaja, nalo ni la huyo aliyekiandika.

Mwenyeji ni mwenye mji. Kiingereza hapa nacho kinagawa. Host ni mwenyeji wa shughuli, cheo chake kinaisha wageni wakiondoka. Native ni mzaliwa, na ni neno ambalo utawala wa kikoloni ulilitumia kuwapanga watu chini ya wengine, kwa hivyo huwakanya wanafunzi wangu kulitumia ovyo. Local ni mtu wa hapa, na ndilo wanalolisikia kila siku ufukweni. Resident ni mkaazi, lile lililomo kwenye vitambulisho vyetu.

Wanafunzi wangu wamejifunza kujitambulisha “I am a local.” Sijawahi kuwakataza na si kosa. Ila nawatazama wakilisema na naona wanajiweka upande wa mandhari, pamoja na minazi. Hakuna anayesema “I am the host”, kwa sababu wamefundishwa, na mimi nimo katika waliowafundisha, kwamba host ni yule mwenye hoteli.

Mama wa Jambiani hakupitia darasa langu. Yeye alisimama mbele ya nyumba yake, mwenye mji, na akasema na watu wa nje kama mwenye mji anavyosema nao.

## Rangi ya tatu

Juzi nilirudi Jambiani. Njiani nilikuwa nimejitayarishia hotuba ya kumwambia kijana kwamba sikuwa na haki ya kulifuta neno lake, na kwamba lile la pili si kosa lakini si la mama yake. Nilimwambia. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akauliza la maana: “Sasa tuandike lipi?”

Nikasema huenda KARIBU peke yake litatosha, watalii wote wanalijua kabla hawajatoka uwanja wa ndege.

Bi mkubwa alikuwa anampiga pweza kwenye jiwe, amempata asubuhi bahari ilipokupwa. Hakugeuka.

“Andika karibuni wageni. Asiyejua atauliza.”

“Na akiuliza utamjibu nini, mama? Hujui Kiingereza.”

“Ataona.”

Kijana akaleta kopo la rangi. Kazi ilichukua nusu saa. Neno langu likaingia chini ya buluu pamoja na neno lake.

Nilikuwa bado nipo rangi ilipokuwa mbichi, alipokuja mwanamke mmoja wa makamo, mzungu, viatu mkononi, miguu imejaa mchanga mweupe. Akasimama mbele ya kibao, akasoma kwa taabu silabi moja moja, akaweka kidole hewani chini ya neno la pili na kumtazama bi mkubwa kwa macho ya kuuliza.

Kijana alifungua mdomo. Mama yake akamzuia kwa mkono.

Akapangusa kigoda kwa upindo wa kanga, akakisogeza kivulini. Yule mwanamke akakaa. Bi mkubwa akaingia ndani, akatoka na birika na bakuli, akainama mbele yake, akangoja mpaka akanyoosha mikono.

Kisha akamwaga maji.